Tuupande Mlima wa Baridi Wakati wa Jua

Ndugu msomaji, ukiupanda Mwamba wa Tororo alfajiri ya mwezi wa Januari, ukafika kileleni, kiasi cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, utaona mambo mawili kwa mara moja. Chini yako umelala mji wa Tororo, na jua halijapanda sana lakini mabati tayari yanameremeta na joto linaanza kufuka. Upande wa kaskazini mashariki umejinyoosha Mlima Elgon, mpana, wa samawati, kama ng'ombe mkubwa aliyelala. Siku hizo za jua huonekana wazi kabisa. Miezi ya mvua hupita wiki nzima usiuone.

Sisi tuliozaliwa Tororo na wenzetu wa Busia, wa upande wa Uganda na wa upande wa Kenya, tumekua tukiutazama mlima huo kama ghala ya baridi. Mtoto akilia usiku wa Julai huambiwa kwamba baridi imeshuka kutoka Elgon. Mtu akihamishiwa kazi Kapchorwa, jamaa humpa pole na blanketi. Wengi wetu tuna shangazi, wakwe au marafiki kwenye miteremko ya mlima huo, lakini twawatembelea kwa nadra, na mara nyingi kwa sababu mbili tu: tohara ya Wagisu iitwayo Imbalu, ambayo huanza mwezi wa Agosti kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, yaani 2022, 2024 na kadhalika, au msiba.

Katika makala haya napenda kuwashauri wasomaji, hasa wazazi, kwamba mahali penye sifa ya baridi pafaa kutembelewa pia katika miezi yake ya jua. Nitaeleza jinsi nilivyojifunza jambo hilo kwa kuchelewa, na kwa nini katika nchi yetu si suala la starehe peke yake.

SIFA YA BARIDI NA UKWELI WAKE

Kwanza tufanye hesabu ndogo, kama tulivyofundishwa chuoni. Kadiri mtu apandavyo juu ndivyo hewa ipoavyo, na kwa kawaida kila mita 1,000 hupunguza nyuzi zipatazo 6 za joto. Mji wa Tororo uko kwenye mita 1,200 hivi. Sipi, penye maporomoko mashuhuri ya maji, pako kwenye mita 1,800 hivi. Tofauti ni mita 600, yaani nyuzi zisizofika hata 4. Siku ambayo Busia inaungua kwa nyuzi 31, Sipi itakuwa na nyuzi 27. Hiyo si baridi ya kumtisha mtu. Hiyo ni siku njema ya kufua nguo.

Baridi kali kweli ipo, ila iko juu zaidi. Kilele cha Wagagai, kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321, na usiku huko maji huganda. Lakini familia iendayo kumsalimu bibi haiendi Wagagai. Inakwenda kwenye migomba na kahawa, mahali ambapo watu wameishi na kulima kwa vizazi vingi.

Basi ile baridi tunayoisimulia imetoka wapi? Ndugu msomaji, nilipojiuliza swali hilo kwa dhati, nilikumbuka safari yangu ya kwanza ukweni. Ilikuwa mwezi wa Aprili, tumekwenda kumzika baba mdogo wa mume wangu katika wilaya ya Bududa. Gari lilikataa kupanda utelezi, tukashuka tukatembea kwa miguu saa mbili chini ya mvua. Nguo zililowa hadi mwilini, viatu vikabaki matopeni, na mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa mgongoni, alikohoa mwezi mzima baada ya kurudi. Niliapa kwamba mlima ule hautaniona tena. Leo nafahamu kwamba sikupigwa na baridi ya mlima. Nilipigwa na baridi ya nguo mbichi. Ndivyo ilivyo kwa wengi wetu: tumeujua mlima siku zake mbaya tu, kisha tukazipa siku zote jina hilo.

Wala si kwamba sisi ni waoga wa mvua. Kati ya mwaka 1967 na 1976 Tororo ilihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu iliyoingia katika vitabu vya maajabu ya dunia. Lakini mvua ya tambarare humkuta mtu barazani. Mvua ya mlimani humkuta njiani.

WENZETU WA ULAYA WALIANZA NA JUA

Mtu anaweza kudhani kwamba kwenda mahali pa baridi wakati wa jua ni wazo geni. La hasha. Katika milima ya Alpi huko Ulaya iko miji iliyopata jina kwa theluji. Chamonix, nchini Ufaransa, ndipo ilipofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. St. Moritz, nchini Uswisi, ilifuata mwaka 1928. Ukiwataja leo, watu hufikiri mara moja juu ya kuteleza kwenye theluji.

Lakini wageni wa kwanza wa St. Moritz walikuwa wageni wa kiangazi. Walikwenda kunywa maji ya chemchemi zake na kuvuta hewa safi, na baridi ilipoanza walifunga mizigo wakaondoka. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwekeana ahadi na wageni wake Waingereza: warudi wakati wa baridi, na kama hawatapendezwa yeye atawalipia nauli. Walirudi, wakakaa hadi majira ya kuchipua, na hapo ndipo ilipoanza ile desturi ya kwenda kule wakati wa theluji. Siku hizi dunia inapozidi kupata joto na theluji kupungua, miji mingi ya milima hiyo inajitahidi tena kuwaita wageni wa kiangazi, waje kutembea katika malisho na kula jibini kwa wachungaji wa ng'ombe.

Funzo ni hili: mahali hapana majira mamoja. Sifa ya mahali hutengenezwa na wale waliotangulia kwenda, na wakati waliokwenda. Aliyekwenda wakati mwingine huona mahali pengine.

“NANI AMEKUFA?”

Miaka sita baada ya kiapo changu, joto la Busia lilinishinda. Ilikuwa mwisho wa Desemba. Usiku nyumba ilikuwa kama tanuri, mbu walituimbia hadi alfajiri, na watoto walikuwa wamechoka kucheza vumbini mbele ya malori ya mizigo. Baba watoto akasema, “Twende kwa mama.” Nikakumbuka viatu vyangu matopeni. Lakini sikuwa na sababu ya kukataa isipokuwa hiyo, nikafunga mizigo.

Tulitoka Busia mapema, tukapita Tororo, tukashika barabara ya Mbale. Tulipoanza kupanda, vumbi la barabara lilikuwa jekundu na kavu, na gari halikuteleza hata mara moja. Mahali tulipotembea saa mbili katika matope tulipita kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kila kona watoto walipiga kelele kwa mandhari: mabonde yaliyokatwa kwa majembe, migomba iliyopangwa hadi mahali ambapo mbuzi angeogopa kusimama, na mikeka ya kahawa iliyoanikwa mbele ya kila nyumba. Mavuno ya kahawa ya arabika ya mlima ule huendelea takriban kutoka Septemba hadi Februari, hivyo tulikuta kila mtu kazini: huyu anachuma, yule anazungusha mashine ya kumenya maganda mekundu, watoto wanafukuza kuku mikekani.

Mama mkwe alikuwa akigeuza kahawa. Alipoinua uso akatuona tumesimama wote watano na mizigo, aliacha alichokuwa akifanya, akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakusema karibu. Alisema, “Nani amekufa?”

Baba watoto alicheka, akamwambia, “Mama, hakuna aliyekufa. Tumekuja kukuona tu.” Mama akaketi chini juu ya mkeka wa kahawa yake, akalia, kisha akatucheka nasi. Mimi sikucheka. Swali lile lilinikaa moyoni. Mzee wa miaka sabini na zaidi amezoea kwamba wanawe wakipanda mlima, wamefuata maiti.

UFA NYUMA YA JIKO

Siku ya tatu mume wangu alikwenda nyuma ya jiko kukata kuni. Majani yalikuwa yamekauka na kulala, na hapo akaona jambo ambalo wakati wa mvua lisingeonekana chini ya majani mabichi: ufa katika ardhi, umekata shamba la kahawa kwa upana, juu kidogo ya nyumba. Mahali pengine ulipokea mkono mzima hadi kiwiko.

Aliniita, tukatazamana. Wasomaji wa sehemu hizi hawahitaji kuelezwa ufa kama huo una maana gani. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, ukafukia nyumba, soko na kituo cha afya. Watu zaidi ya 300 walikadiriwa kupoteza maisha. Juni 2012 maporomoko yalirudi katika wilaya hiyo hiyo. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto uliobeba mawe na magogo ulipita Bukalasi, ukaua watu zaidi ya 40. Na tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Udongo wa Elgon una rutuba kwa sababu ni wa volkano, na kwa sababu hiyo hiyo watu ni wengi na miti imekatwa. Maji yanapoingia ndani ya nyufa, mteremko huwa mzito, ukateleza.

Tulimwuliza mama. Akajibu kwa utulivu, “Wanangu, umekuwapo tangu mvua za mwaka juzi. Nani angekuja kuutazama?”

Hatukuwa na jibu, bali tulikuwa na siku saba za jua, na siku saba za jua mlimani zina thamani kubwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akaona, akaandika. Ufa ulijazwa udongo wa mfinyanzi, ukashindiliwa, ili maji yasiingie. Juu yake vijana walichimba mfereji wa kuyaongoza maji ya mvua pembeni, hadi kwenye korongo. Kisha likaja jambo gumu zaidi, nalo ni kumwomba mama ahame. Serikali imekwisha kuwahamisha watu wa milima ile: mwaka 2010 wengine walipelekwa Kiryandongo, na mwaka 2019 wengine walipelekwa Bunambutye, chini kwenye tambarare ya Bulambuli. Mama alikataa kabisa. Alisema makaburi ya watu wake yako pale, na kahawa yake iko pale, na kwamba kwenye joto la tambarare angekufa kabla mlima haujamwua.

Tulizungumza jioni nne kando ya moto. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezekani katika msiba, watu wakiwa wamejaa na kila mmoja anatafuta gari la kurudi. Mwishowe alikubali nusu: kuanzia Machi, kila mvua inapokaza, atalala kwa shemeji yangu, ambaye nyumba yake iko juu ya mgongo wa kilima, mbali na mteremko ule; mchana atarudi shambani kwake. Si suluhisho kamili, na silisemi kwa majivuno. Lakini wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe huonekana wakati wa jua.

MIEZI YA KUCHAGUA

Katika miteremko ya Elgon, miezi mikavu ni Desemba, Januari na Februari. Mvua kubwa huanza Machi hadi Mei, na nyingine hurudi kati ya Agosti na Novemba. Juni na Julai mvua hupungua kidogo, lakini ukungu na baridi huzidi. Mvua siku hizi hazishiki ahadi, na mwanzo wa Desemba bado yaweza kunyesha; kwa hiyo ulizia kwa mwenyeji kabla ya kufunga safari, na kama amesema njia imekatika usishindane naye.

Kwa familia za mpakani kuna hesabu nyingine. Shule za Kenya hufungua mwaka mpya Januari mwanzoni, na za Uganda hufungua Februari. Mwenye watoto wanaosoma pande zote mbili, kama sisi, ana nafasi moja tu ya kuwakusanya wote: katikati ya Desemba hadi siku za mwanzo za Januari. Asiyeipanga nafasi hiyo mapema ataipoteza.

Kuvuka mpaka si tatizo kubwa kama zamani. Tangu 2014 raia wa Uganda na wa Kenya huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili mwaka 2018, msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili. Hati za watoto wadogo ziulizwe mapema. Walio upande wa Kenya wanaweza pia kuufikia mlima huo huo kwa njia ya Bungoma na Kitale, hadi hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1968.

Mwenye siku ya ziada na apite Sipi. Poromoko kubwa hushuka mita zipatazo 100, na ijapokuwa Januari maji yake si mengi kama Mei, njia ya kulifikia huwa kavu na mtoto wa miaka saba aweza kutembea. Mbele kidogo ni Kapchorwa, nchi ya Wasabiny, iliyomtoa Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, mshindi wa mita 10,000 huko Paris mwaka 2024. Watoto wetu waliwakuta vijana wakikimbia alfajiri barabarani, nao wakawafuata hadi pumzi zikawaishia. Hewa ya juu ni nyepesi. Hilo ndilo darasa la wakimbiaji wale.

MAVAZI, AFYA NA CHAKULA

Mavazi yawe ya tabaka. Mchana shati jepesi latosha, jioni ongeza fulana, usiku sweta na soksi. Kila mtoto awe na jozi moja ya nguo kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, isiyoguswa ila akilowa. Jua la mlimani huchoma bila kuonekana, basi kofia isisahauliwe. Chandarua kichukuliwe: mbu ni wachache juu kuliko Tororo na Busia, lakini wachache si sawa na hakuna. Watoto wasiingie katika mapango yenye popo. Katika pango la Kitum, upande wa Kenya, wageni wawili walihofiwa kuambukizwa ugonjwa hatari wa Marburg, mwaka 1980 na mwaka 1987, na wote wawili walifariki.

Usiende mikono mitupu, wala usipeleke ndizi mahali penye ndizi. Peleka vya tambarare: samaki wakavu wa ziwani, chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa.

Nawe utapewa malewa. Hayo ni machipukizi ya mianzi, ambayo huchumwa msituni wakati wa mvua, yakakaushwa kwa moshi juu ya jiko, yakaliwa wakati wa jua. Mama mkwe alinifundisha hivi: yaoshe malewa makavu kwa maji ya moto, uyaloweke usiku kucha, umwage maji hayo. Katakata vipande vidogo, uchemshe hadi yalainike. Katika sufuria nyingine koroga karanga zilizosagwa kwa maji ya uvuguvugu hadi ziwe uji mzito, zipike kwa moto mdogo ukikoroga daima zisishike chini. Changanya na malewa, tia chumvi, acha vichemke pamoja mpaka mafuta ya karanga yaanze kuelea juu. Kula kwa ndizi za kupika au viazi. Watoto wangu, ambao nyumbani huchagua chakula, walikomba sahani.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nikidhani msemo huo ni juu ya kitoweo kinachochinjwa kwa ajili ya mgeni. Sasa nauelewa vingine. Mvua za Machi zilipofika, shemeji alitupigia simu kutuarifu kwamba mama amelala kwake usiku ule, ingawa alinung'unika njia nzima, na kwamba mfereji unapitisha maji. Nilitoka nje nikatazama kaskazini. Mlima haukuonekana kwa mawingu.

Desemba ijayo tutapanda tena. Safari hii nimemwomba mama asiulize nani amekufa.